Upenyo: Historia Fupi ya Simu ya Mjomba

Machi mwaka jana nilibipiwa na namba nisiyoijua. Nikapiga. Namba ilikuwa ya jirani, lakini sauti ilikuwa ya mjomba wangu wa Kiegei, Nachingwea.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Ile simu imejifunga.”

Simu yenyewe haikuwa na miezi mitano. Aliichukua kwa mkopo Nachingwea mjini mwezi wa kumi na moja, wiki ile hela ya korosho ilipoingia benki. Alitoa kianzio, akaweka alama ya kidole, akaahidi kulipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Mpaka Januari alilipa vizuri. Februari akaanza kuruka siku. Machi mvua imeshika, ndani kumebaki mihogo ya kula, na skrini ikabaki na ujumbe mmoja tu: lipa ili uendelee kutumia.

“Wewe uko mjini na ni mwandishi,” akaniambia. “Hakuna upenyo hapo?”

Swali lile limekaa kichwani kwangu tangu siku hiyo, kwa sababu nikiangalia nyuma, historia ya simu katika ukoo wetu ni historia ya kutafuta upenyo. Na sidhani kama tuko peke yetu.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 na Mobitel. Wakati ule ilikuwa alama ya ukubwa. Mtu aliitundika kiunoni ili ionekane. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel 2001, na polepole simu zilizokwisha kutumika mjini zikaanza kushuka vijijini, moja kwa ukoo mzima. Kuwa na simu haikuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuwa na salio.

Upenyo wa kwanza ulikuwa kubipu. Unapiga, inaita, unakata. Kampuni hailipwi, lakini ujumbe umefika. Kwetu kulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika: mlio mmoja, nimefika salama, milio miwili, nipigie. Na mwenye hela ndiye anayepiga. Nikiwa shule ya bweni nilikuwa nabipu na mjomba anapiga, kwa sababu yeye alikuwa na mikorosho na mimi nilikuwa na daftari. Kampuni zilipoona mistari yao inajaa milio isiyolipiwa, zikaugeuza ule ujanja kuwa huduma: ujumbe wa bure wa “tafadhali nipigie”, na baadaye tangazo la biashara chini yake.

Upenyo wa pili ulikuwa vocha. Kabla ya M-Pesa, mjomba akitaka kunitumia hela ya matumizi alinunua vocha Nachingwea, akaikwangua, akampigia dada wa duka karibu na shule na kumsomea tarakimu moja moja. Dada anaingiza vocha kwenye simu yake, anakata cha kwake, mimi napewa kilichobaki. Tulidhani tumeuvumbua wenyewe. Kumbe Uganda, Ghana na Botswana watu walikuwa wanafanya hivyo hivyo, na watafiti walipoliona hilo likawa moja ya mambo yaliyotengeneza njia ya M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kufika kwetu Aprili 2008. Kwa maneno mengine, dada wa duka alikuwa wakala kabla neno hilo halijawa na kibanda.

Wa tatu ndio ninaoukumbuka kwa kicheko. Nilipofika Mlimani kulikuwa na laini za chuo, zenye bando nafuu kwa wanafunzi. Nikasajili yangu, nikaifunga kwenye karatasi na kuituma Nachingwea kwa basi. Kwa mwaka mzima mjomba wangu, aliyeishia darasa la saba, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Kwenye simu zenyewe kulikuwa na upenyo mwingine. Kampuni iliuza simu kwa bei ya chini, lakini imefungwa isikubali laini ya mtandao mwingine. Ile nafuu ilikuwa chambo: simu rahisi, ila uwe wetu. Mafundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, waliifungua kwa dakika chache, ukaondoka na simu ya bei ya ofa na laini unayoitaka wewe. Ambaye hakuweza hata hiyo ya ofa alinunua simu ya laini mbili, yenye spika ya kusikika shamba zima na jina linalofanana kidogo tu na la kampuni maarufu. Mjomba alikuwa na moja kama hiyo.

Ilikufa usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetangaza kwa miezi kadhaa: bonyeza *#06#, tuma namba ya utambulisho kwenda 15090, utaambiwa kama simu yako ni halisi. Saa sita usiku simu feki zikazimwa nchi nzima. Kenya walikuwa wamefanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Sababu za serikali zilieleweka. Lakini hasara ilimwangukia mnunuzi peke yake, na mjomba akarudi kwenye kiswaswadu.

Milango mingine nayo ikafungwa. Mwaka 2019 laini zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mwisho ukawa 31 Desemba, ukaongezwa hadi 20 Januari 2020. Laini ya kumtumia mjomba kwa basi ikawa haiwezekani tena. Serikali nayo ikajaribu kufungua upenyo kutoka juu: kwenye bajeti ya 2021/22 ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja ili bei ishuke. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mlaji. Yaani msamaha wa kodi ulitoka Dodoma ukaishia njiani.

Hapo ndipo simu ya mkopo ilipokuta nafasi. Kenya, Julai 2020, Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: kianzio shilingi elfu moja za kule, kisha shilingi ishirini kwa siku kwa miezi tisa. Usipolipa, simu inajifunga. Mipango ya namna hiyo ikasambaa, ikafika kwetu, ikafika Nachingwea. Kwa mwendesha bodaboda au mama ntilie ni mpango mzuri, kwa sababu anashika hela kila siku.

Mkulima wa korosho hashiki hela kila siku. Nachingwea, Ruangwa na Liwale korosho zinapita AMCOS, zinakwenda kwenye ghala na mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI, na malipo yanakuja msimu wa mavuno, mwishoni mwa mwaka. Baada ya hapo ni mvua, palizi, kisha kupuliza salfa, yaani miezi ya kutoa hela tu. Ukiitazama ile mianya yetu ya zamani, yote ilifanya kazi moja: ilimruhusu asiye na hela leo asitoke kwenye mawasiliano mpaka atakapokuwa nayo. Simu ya mkopo inaonekana kama upenyo wa aina hiyo. Tofauti ni kalenda yake. Nachingwea inaijua mipango ya kalenda za wengine: mradi wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulikuja na matrekta na reli, ukashindwa na udongo na mvua.

Nilikwenda Aggrey. Fundi aliigeuza simu yangu mkononi kama mfano, akasema ya mjomba inaweza kuondolewa ile kufuli, ila deni litabaki kwenye kitambulisho chake na simu inaweza kufungiwa jumla. Nikampigia mjomba nikamweleza.

“Deni silikatai, mjomba,” akasema. “Shida ni hizo siku zao.”

Nikamwambia nitamtumia hela mwisho wa mwezi. Akasema isiwe taabu, ameshamaliza. Amemaliza vipi? Akanyamaza kidogo. Aliuza kangomba. Kwa msomaji asiye wa Kusini: ni kumuuzia mlanguzi korosho nje ya mnada, mara nyingi kabla hazijavunwa, kwa bei ya mwenye shida. Gunia mbili, kutoka mikorosho ambayo ilikuwa haijatoa hata ua, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya mnada uliopita. Serikali imepiga vita kangomba miaka mingi. Sijawahi kusikia mtu akitaja simu kama moja ya sababu zake.

Nilikasirika, nikamuuliza kwa nini asingetumia kiswaswadu mpaka msimu ufike. Akaniambia mdogo wangu, binti yake wa kidato cha nne, alikuwa amepiga picha madaftari ya mwenzake, masomo yote. Zilikuwa ndani ya ile simu.

Niliposhuka Kiegei mwezi wa saba nilimwomba mkataba. Ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za AMCOS. Kurasa nne, Kiingereza kitupu. Kwenye ukurasa wa tatu nikaukuta ule upenyo alioniulizia: mteja akimaliza deni lote ndani ya siku tisini, anapunguziwa, na simu inakaribia bei ya dukani ya taslimu.

Siku tisini kuanzia Novemba. Yaani ule muda ambao hela ya korosho ilikuwa benki. Angeweza kumaliza kabla ya mvua na kubaki na gunia zake mbili. Hakuna aliyemwambia, na mimi mwenye digrii sikuwahi kumwambia anitumie mkataba niusome. Ujanja wa fundi haukuhitajika. Alihitaji kipengele kimoja kisomwe kwa Kiswahili siku ile anaweka kidole.

Nilimsomea pale pale chini ya mkorosho. Akauliza, “Kumbe walikuwa wameandika?” Hakusema zaidi, akaendelea kuchanganya salfa.

Gunia mbili za mlanguzi zilitoka msimu huo kama alivyoahidi. Zilizobaki zilikwenda mnadani. Novemba, binti akiwa katikati ya mitihani, simu yangu iliita mlio mmoja ikakata. Namba ya mjomba. Nikaitazama, nikangoja kama kuna wa pili. Haukuja. Alikuwa amemaliza deni.