Aliyekuta na Aliyebuni: Historia ya Neno "inventor" na Visawe Vyake vya Kiswahili

Neno la Kiingereza *inventor* hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa mvumbuzi, pengine mgunduzi au mbuni, na aghalabu visawe hivi hutumiwa kana kwamba havitofautiani. Historia ya neno hilo yaonyesha kwamba tofauti hizo si za mtindo tu. Zinagusa suala la nani anayestahili sifa na haki ya jambo jipya.

Asili ya *inventor* ni kitenzi cha Kilatini *invenire*, yaani kujia au kukuta. Katika balagha ya Warumi, *inventio* ilikuwa hatua ya kwanza ya kutunga hotuba, ambapo msemaji alitafuta hoja zilizofaa. Cicero aliieleza kazi hiyo katika *De Inventione*. Maana ya kukuta iliingia katika Kiingereza pia. Sikukuu ya Kikristo ya tarehe 3 Mei, iliyoadhimisha kupatikana kwa Msalaba, iliitwa *Invention of the Cross*, wala jina hilo halikumaanisha kwamba Msalaba ulibuniwa.

Sheria nayo ilihifadhi maana hiyo kwa muda mrefu. Sheria ya Ukiritimba ya Uingereza ya mwaka 1624 iliruhusu mvumbuzi wa kweli na wa kwanza apewe hataza ya miaka 14. Mahakama zilikubali kwamba hata aliyeleta nchini ufundi wa ng'ambo alikuwa *inventor*, ijapokuwa ulikotoka ulikuwa ukijulikana. Sheria ya Hataza ya mwaka 1977 ndiyo iliyomtambua kuwa mvumbuzi yule hasa aliyekibuni kitu chenyewe.

Kiswahili kimepita njia inayofanana na hiyo. Vumbua ni kinyume cha vumbika, yaani kufukia kitu, mathalani kiazi, katika majivu ya moto. Uhusiano wake ni ule wa funika na funua, au bandika na bandua. Kwa hiyo mvumbuzi, kwa asili, ni mfukuaji: hutoa nje kilichokuwa kimefichika. Gundua nayo ilikuwa na maana ya kumjia mtu ghafla pasipo yeye kutambua. Vitenzi vyote viwili vyachukulia kwamba kitu kilikuwapo tayari. Buni ndiyo iliyo karibu zaidi na kuunda, ila nomino yake, mbuni, ina homonimu mbili: ndege na mti wa kahawa. Zua pia hutaja kuanzisha jambo, lakini mzushi amebaki na lawama ya uongo.

Athari za mchanganyiko huu zaonekana katika uandishi wa historia. John Hanning Speke, aliyefika ufukweni mwa ziwa huko Mwanza mwaka 1858, akaliita Victoria, hutajwa kuwa mgunduzi wake, ilhali wakazi wa kusini mwa ziwa hilo walikuwa wakiliita Nyanza, na Sidi Mubarak Bombay alikuwamo safarini pamoja naye. Ajabu ni kwamba maana ya kale ya gundua yasema kweli: Speke alilijia ziwa lililokuwapo. Upotoshaji huanza pale neno linapobebeshwa sifa ya uanzilishi.

Katika sheria, uzito ni mkubwa zaidi. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 husema wazi kwamba kugundua jambo lililopo katika maumbile si uvumbuzi unaostahili hataza. Mfasiri anayebadilishana uvumbuzi na ugunduzi ataifanya ibara hiyo ijipinge yenyewe. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hivyo suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Fundi anayedai haki ya mashine aliyoiunda hutegemea neno litakalomtaja.

Matumizi ya leo yameanza kutenga maana hizi. Mvumbuzi amesogea kutoka kufukua hadi kuunda, kama alivyosogea *inventor*. Mgunduzi amebaki na kazi ya kukuta. Mgawanyo huo wafaa kuthibitishwa katika kamusi na istilahi za sheria, ili anayeunda asinyimwe haki yake, naye anayekuta asipewe sifa ya kuumba kilichokuwapo kabla yake.