Suruali za Makondakta wa London

Mwaka 1956 jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, lilichapisha makala kuhusu suruali. Waandishi wake, akiwamo daktari Jeremy Morris, walikwenda kwenye kumbukumbu za sare za shirika la usafiri la London na kunakili vipimo vya kiuno vya madereva na makondakta wa mabasi. Shirika lilikuwa likiwapa wafanyakazi wake sare, na ili sare imtoshe mtu lazima ijulikane saizi yake. Kwa hiyo zilikuwapo karatasi zilizokuwa na kiuno cha dereva huyu na cha kondakta yule, bila aliyeziandika kuwaza kwamba iko siku madaktari wangezihitaji.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na katika semina zetu tumefundishwa kuzipenda nyaraka za namna hii, zile ambazo mwandishi wake hakukusudia kutuambia lolote. Barua ya gavana inajua kwamba itasomwa. Orodha ya suruali haijui.

Ili suruali hizo zieleweke inabidi turudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 1953 Morris na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti juu ya wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya London wakati huo, kama yalivyo mengi hadi leo, yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kibanda chake cha mbele karibu zamu nzima. Kondakta alikata tiketi chini, akapanda juu kukata tiketi za wa huko, akashuka, akapanda tena, na kwa siku moja ya kazi alimaliza vidato kati ya 500 na 750. Wawili hawa walikuwa wafanyakazi wa shirika moja na wa tabaka moja, na walikuwa ndani ya basi moja. Lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva 2.7 kati ya kila 1,000 kwa mwaka, na makondakta 1.9. Tena kwa kondakta ulichelewa kuja, na ulipokuja haukuua haraka kama ulivyomuua dereva.

Wapinzani waliuliza swali ambalo hata konda wa daladala angeliuliza: mnajuaje kwamba ni ngazi? Pengine watu wanene ndio wanaopenda kazi ya kukaa. Pengine dereva aliingia kazini akiwa tayari na tumbo lake. Hapo ndipo suruali zilipoitwa kutoa ushahidi. Na zilipopimwa, ikaonekana kwamba katika kila rika madereva walivaa viuno vikubwa kuliko makondakta.

Kilichonivutia mimi ni kwamba watu hawa walitaka kujua miili ya maelfu ya wanaume na hawakusubiri mizani. Nilikuwa na sababu yangu ya kuvutiwa. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, na ana presha. Mwaka jana nesi wa zahanati moja alimwambia apunguze uzito, na mama, ambaye miaka 30 aliwaambia watoto wa watu wafuate maelekezo, akafuata. Tangu Februari akawa anatoka nyumbani saa 12 asubuhi, raba miguuni na khanga mabegani, anatembea hadi sokoni na kurudi. Mwezi wa Julai akapanda mizani. Februari ilisema kilo 91. Julai ikasema 90 na nusu. Njiani akapita kwa wale vijana wenye mashine inayopaza sauti barabarani, "pima uzito, pima urefu," akalipa, akapanda tena. Ikasema 91.

"Mwanangu, miguu inaniuma bure," aliniambia kwenye simu. Sauti yake naijua. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Nikaingia maktaba kutafuta mizani ilipata wapi mamlaka haya. Jibu ni refu na si la kupendeza sana, nitalipita kwa haraka. Mwaka 1614 tabibu Mwitalia Santorio Santorio alichapisha kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kujipima. Alikuwa ametundika kiti kwenye mizani, akikaa humo kula na kupumzika, akipima chakula kilichoingia na vyote vilivyotoka. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula ilipotea bila kuonekana, kwa pumzi na kwa ngozi. Yaani mtu wa kwanza kuishi na mizani kwa uaminifu aliona kwamba uzito hautulii, unapanda na kushuka mchana kutwa. Lita moja ya maji ina kilo moja. Mama akinywa maji vizuri kabla ya kupimwa, kama anavyoshauriwa, nusu kilo aliyoipunguza kwa miezi mitano inarudi kwa bilauri mbili.

Kisha akaja Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtaalamu wa nyota na takwimu, ambaye miaka ya 1830 alikuwa akimtafuta "mtu wa wastani". Aliona kwamba kwa watu wazima uzito unaongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha urefu. Hakuwa anamtibu mtu. Hesabu yake ndiyo ambayo mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys aliipa jina tunalolijua leo kwa herufi tatu, BMI. Kati yao yalipita makampuni ya bima. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Metropolitan Life ya Marekani ilitoa majedwali ya uzito unaofaa kwa kila urefu, yakiwagawa watu kwa mifupa midogo, ya kati na mikubwa. Bima ilikuwa inatafuta bei ya kumwekea mteja, na hilo ni swali halali kwa mfanyabiashara. Tatizo linaanza pale bei ya mteja inapogeuka kuwa hukumu ya mtu aliyeshika kadi ya kliniki.

Na majedwali hayo yalitiliwa shaka mapema. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani. Kwa vipimo vya uzito na urefu vya wakati ule wengi wao walikuwa wazito mno kuingia jeshini. Behnke akawapima ndani ya maji. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama, na miili ya wengi wa wachezaji hao ilizama. Walikuwa wazito kwa sababu walikuwa na nguvu. Mizani inajua kujumlisha tu. Haijui imejumlisha nini.

Lakini mfano ulionikaa zaidi unatoka jirani hapa, Kampala. Miaka ya 1960 Derrick Jelliffe alikuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere, na mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake cha namna ya kupima hali ya lishe katika jamii. Humo alitetea kipimo cha mzingo wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Shida yake ilikuwa kinyume cha ya mama: watoto waliokuwa wanapungua. Mizani ilikuwa nzito kubeba hadi vijijini na iliharibika njiani, na mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuvimba maji mwilini, mizani ikamsifu kwa kilo ambazo si zake. Utepe hausifu maji kirahisi hivyo. Katika vita vya Biafra Waquaker walitumia kijiti na utepe, wakilinganisha mkono wa mtoto na urefu wake, ili kuamua haraka nani apewe chakula. Ule utepe wa rangi tatu ambao wahudumu wa afya wa vijijini wanauzungusha leo kwenye mikono ya watoto ni mjukuu wa kazi hizo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na nyekundu maana yake mtoto apelekwe leo.

Basi nikafikiri, kama utepe unaaminiwa kwa jambo zito kama hilo, mama naye apewe wake. Tatizo lilikuwa la kihistoria kabisa. Hakuna aliyempima kiuno mwezi Februari. Kipimo cha leo bila cha jana ni tarakimu iliyo yatima.

Nilisahaulika kwenye mawazo hayo hadi nilipokwenda nyumbani na mama akanituma kwa fundi wake kuuliza gauni. Mzee huyu ana cherehani kwenye kibaraza kimoja tangu nikiwa darasa la pili. Nikamwamkia, nikauliza gauni, naye akasema halijaanza, ila vipimo anavyo. Akavuta daftari, la kaunta, gamba limefungwa kwa gundi ya karatasi. Akafungua ukurasa wa mama. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, na tarehe pembeni.

Sikutarajia kuona hazina ya nyaraka ikiwa chini ya chupa ya mafuta ya cherehani. Nikamwomba, nikanakili. Kiuno cha mama mwaka 2016, inchi 38. Mwaka 2019, 41. Mwaka 2022, 43. Na Januari mwaka huo, aliposhonewa nguo ya harusi ya binamu yangu, 44.

Sasa nilifanya kile tulichofundishwa, nikaihoji nyaraka. Je, fundi anapima mwili au nguo? Akacheka. "Naandika mwili, mwanangu. Ya kupumulia naongeza wakati wa kukata." Anapima wapi? Akanionyesha kwa mikono, pale gauni linapokaa, juu kidogo ya kitovu. Daktari angepima kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, si lazima pawe hapo hapo. Lakini mzee huyu amepima mahali pamoja, kwa mkono mmoja, kwa futi ile ile iliyofutika namba za mwanzo, na kwa kulinganisha jana na leo hilo ni bora kuliko mizani mbili za mitaa miwili. Kesho yake nilimleta mama. Alipimwa akiwa amesimama kibarazani, anatazama barabarani kama mtu anayesubiri basi. Inchi 41 na nusu.

Mama akaomba arudie. Mzee akarudia. Akaandika 41½ chini ya 44, na kuuliza kama kitambaa kilichobaki atakitaka.

Ningeweza kuishia hapo kama Morris asingekuwa ameishatangulia mbele yangu. Maana yeye hakuridhika na suruali. Tofauti ya viuno ilimpa wasiwasi kuliko furaha, kwa sababu iliwapa nguvu waliosema kwamba wanene ndio waliochagua usukani. Kwa hiyo waligawanya wanaume kwa umbo, wembamba, wa kawaida, wenye vitambi, na kuangalia vifo vya ghafla vya moyo ndani ya kila kundi. Kondakta aliendelea kuwa na nafuu. Kondakta mwenye kitambi alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kitambi. Kwa maneno mengine ngazi zilikuwa zinafanya kazi ambayo hata suruali haikuiona.

Hilo lilinifanya niache kumuuliza mama inchi na nianze kumuuliza safari. Wataalamu wamebuni njia nyingi za kupima uwezo wa mwili. Harvard mwaka 1943 walitumia kibao cha kupanda na kushuka kwa dakika tano, kisha wakahesabu mapigo ya moyo. Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968 aliuliza tu mtu anakwenda umbali gani kwa dakika 12, na kipimo chake kikapendwa Brazil kiasi kwamba huko kukimbia polepole kunaitwa "cooper". Gunnar Borg wa Sweden alimwachia mtu mwenyewe aseme kazi ni ngumu kiasi gani, kwa namba kutoka 6 hadi 20, akizilinganisha na mapigo ya moyo kutoka 60 hadi 200. Mama hana kibao wala saa ya kuhesabia. Ana vituo vya kupumzikia. Februari, kati ya nyumbani na sokoni, alisimama mara tatu: kwa muuza mkaa, kwenye mwembe na kwenye duka la dawa. Julai, aliponipigia simu kusema miguu inamuuma bure, alikuwa anasimama mara moja tu, kwenye mwembe, na alikiri kwamba husimama hapo kwa sababu rafiki yake anauza vitumbua.

Presha yake bado inapimwa kila mwezi, dawa anameza, na mizani ya zahanati bado inasema inachosema. Sikumwambia aidharau. Nilimwambia tu aandike na mengine, naye, kwa kuwa ni mwalimu, akachora majedwali kwa rula kwenye daftari la mistari.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona mama mdogo, anayekaa ghorofa ya tatu kwenye nyumba moja ya zamani isiyo na lifti. Kwa miaka mama alikuwa hapandi. Alisimama chini, akaita kwa sauti, na mama mdogo akashuka, wakaongea kwenye ngazi za mlangoni. Safari hii alinipa mkoba na kutangulia. Nilihesabu vidato 54. Alishika ukuta mara moja, ghorofa ya pili, akahema, akaendelea. Mama mdogo alichelewa kufungua mlango, alikuwa dirishani ameinama, anatafuta nani anagonga huku chini hakuna aliyemwita.