Jina na Mikono: Pombe ya Watrapisti wa Ubelgiji

Katika historia ya Kongo, Watrapisti wa Westmalle hukumbukwa kwa misioni ya Bamania, waliyoianzisha katika miaka ya 1890 karibu na Mbandaka ya leo. Kwao Ubelgiji hujulikana zaidi kwa pombe, waliyoanza kuipika mwaka 1836. Chanzo chake ni kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6: mmonaki aishi kwa kazi ya mikono yake.

Msafiri azungukiaye abasia hizo huonja tofauti kubwa: pombe ya Orval ni kavu na chungu, ile nyeusi ya Westvleteren ni nzito na tamu. Huko Westvleteren kila mnunuzi huwekewa kiasi, kwani wamonaki hupika ili waishi, hawaishi ili wapike.

Mwaka 1997 abasia kadhaa ziliungana kulilinda jina lao: pombe ipikwe ndani ya kuta za abasia, chini ya uangalizi wa wamonaki, na faida isaidie jumuiya na wahitaji. Baada ya wamonaki wa mwisho wa Achel kuondoka, pombe yao ilipoteza alama hiyo mwaka 2021, ingawa kiwanda kiliendelea kupika.

Basi neno "Kitrapisti" halitaji ladha, bali watu. Watu wakiondoka, neno huondoka nao.