Picha zenye lebo isiyo sahihi: jinsi makosa yanavyotafutwa kwenye data ya kufundishia mashine

Programu za simu zinazotazama picha ya jani na kutaja ugonjwa zimeanza kuwafikia wakulima wa Afrika Mashariki. Mojawapo ni Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Nuru hufanya kazi bila intaneti na hutumia Kiswahili. Wakati huohuo, vijana katika makazi na kambi za wakimbizi wanatafuta kazi ya kompyuta inayolipwa kwa kila picha, yaani kutazama picha na kuandika kilichomo, na baadhi yao wameshaipata. Mkulima na kijana huyo wanaunganishwa na kitu kimoja, nacho ni lebo. Simu ikimwambia mkulima kwamba muhogo wake ni mzima, jibu hilo limetokana na maelfu ya lebo zilizowekwa na watu. Makala hii inaeleza kwa nini baadhi ya lebo hizo hukosewa, jinsi makosa hayo yanavyotafutwa, na kwa nini mashine peke yake haiwezi kuyamaliza.

Lebo ni nini?

Lebo ni jina linaloambatanishwa na picha ili mashine ijifunze. Picha ya jani lenye madoa ya njano hupewa lebo "batobato", na picha ya jani la kijani lisilo na doa hupewa lebo "zima". Mashine haielezwi batobato ni nini. Inaonyeshwa mifano mingi, kisha inatafuta yenyewe kinachofanana kati ya picha zenye jina moja. Picha hizo pamoja na lebo zake ndizo zinazoitwa data ya mafunzo. Kwa hiyo kama picha mia tano za batobato zimeandikwa "zima", mashine itajifunza pia kwamba jani la namna ile ni zima, na haitamuuliza mtu yeyote.

Mfano wa muhogo kutoka Uganda

Mfano mzuri wa karibu ni mkusanyiko wa picha za majani ya muhogo uliotolewa na maabara ya akili mnemba (wengine huiita akili unde) ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Picha nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao nchini Uganda. Wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao, NaCRRI, ndio walioziwekea lebo wakishirikiana na maabara hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2020 mkusanyiko huo uliwekwa kwenye tovuti ya Kaggle kwa mashindano ya kimataifa, ukiwa na picha 21,397 za mafunzo katika mafungu matano: ugonjwa wa bakteria picha 1,087, michirizi kahawia 2,189, fungu lililopewa herufi CGM 2,386, batobato 13,158, na majani mazima 2,577.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Mashine mvivu inayojibu "batobato" kwa kila picha bila hata kuitazama ingepatia zaidi ya picha 61 katika kila 100. Ndiyo maana asilimia peke yake, bila maelezo, haimwambii mkulima mengi.

Mashindano yalipoendelea, washiriki wengi walilalamika kwamba lebo kadhaa zilitia shaka. Mfumo ulioshika nafasi ya kwanza ulipatia takriban picha 91 kwa kila 100. Sehemu ya yale yaliyohesabiwa kuwa makosa huenda haikuwa makosa ya mashine hata kidogo, kwa sababu lebo ikikosewa kwenye picha za mtihani, mashine inayojibu sawasawa hupewa alama ya kukosa.

Kwa nini hata mtaalamu hukosea

Ni rahisi kudhani kwamba lebo mbaya hutokana na uvivu. Wakati mwingine ni hivyo, lakini kwa muhogo sababu kubwa iko shambani.

Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, ambayo huwa na mabaka ya njano na kijani na kujikunja. Michirizi kahawia huonekana zaidi kwenye majani makuukuu ya chini, ambapo njano hufuata mishipa ya jani. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa, na mara nyingi shina moja huwa nayo yote mawili. Mpigapicha akipiga jani la juu, picha inaonyesha batobato. Akipiga jani la chini la shina hilohilo, inaonyesha michirizi. Mkusanyiko huu unaruhusu jina moja tu kwa kila picha. Je, mtaalamu aandike lipi?

Michirizi kahawia ina hila nyingine. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936, na tangu mwaka 2004 umeenea upya Uganda. Madhara yake makubwa yako kwenye mizizi, ambayo huoza kwa ndani ikiwa na madoa makavu ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana karibu mazima ilhali chini ya ardhi chakula kimeshaharibika. Picha ya jani haina mzizi. Lebo "zima" inaweza kuwa kweli kwa jani na uongo kwa shina lote. Hilo si kosa la jicho, ni upungufu wa picha yenyewe.

Halafu kuna majina. Herufi CGM katika mkusanyiko wa awali wa maabara hiyohiyo, wa mwaka 2019, zilimaanisha uharibifu wa utitiri wa kijani, mdudu mdogo anayefyonza majani. Katika mkusanyiko wa Kaggle herufi hizohizo zilielezwa kuwa ugonjwa wa virusi wenye jina linalokaribiana, ambao umejulikana zaidi Visiwa vya Solomon, mbali sana na mashamba ya Uganda. Mtu aliyeko mbali anayesoma lebo hiyo hana namna ya kushuku. Mkulima wa Kyangwali angeshuku mara moja. Sisi wenyewe tunalijua tatizo la majina: majani hayohayo ya muhogo yakiwa mboga, Mtanzania huyaita kisamvu, Mkongomani sombe, na Mrundi isombe. Watu watatu wakiandika lebo kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake, mashine itadhani ni mboga tatu.

Sababu zilizobaki ni za kawaida: uchovu, kubonyeza kitufe cha jirani, picha yenye ukungu, malipo yanayomsukuma mtu aharakishe.

Tatizo si la Afrika peke yake

Mkusanyiko maarufu kuliko yote, ImageNet, ulitambulishwa Marekani mwaka 2009 chini ya uongozi wa Fei-Fei Li na una zaidi ya picha milioni 14. Watu waliolipwa kupitia intaneti ndio walioweka lebo. Mwaka 2021 Curtis Northcutt, Anish Athalye na Jonas Mueller walichunguza sehemu za mtihani za mikusanyiko kumi inayotumika sana duniani, ikiwemo ya picha. Walikadiria kuwa kwa wastani angalau asilimia 3.3 ya lebo zilikuwa na makosa. Kwa ImageNet ilikuwa angalau asilimia 6.

Mtu anaweza kusema mashine itayapuuza makosa machache. Hili halina uhakika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Chiyuan Zhang na wenzake waliweka lebo za kubahatisha tu kwenye picha, na mashine bado ilizikariri zote. Mwanafunzi anayekariri hivyo hafichui kwamba kitabu chake kina makosa. Anaonekana hodari hadi apewe picha mpya.

Jinsi makosa yanavyotafutwa

Njia ya kwanza ni kutafuta picha pacha. Kompyuta hutengeneza alama fupi kwa kila picha, mfano wa alama ya kidole, kisha hulinganisha. Picha moja ikikutwa mara mbili na lebo mbili tofauti, moja lazima iwe na kosa, au zote. Kazi hii ni nyepesi, na inashangaza kwamba wengi huiruka.

Njia ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Chukua picha zote uzigawe katika makapu matano. Fundisha mashine kwa makapu manne, kisha iulize kuhusu kapu la tano ambalo haijaliona. Rudia mara tano, kila mara ukiacha kapu tofauti. Mwishoni kila picha itakuwa imehukumiwa na mashine ambayo haikupata nafasi ya kuikariri. Mashine hutoa pia kiwango cha uhakika, kwa mfano batobato asilimia 92, zima asilimia 5.

Sasa linganisha jibu la mashine na lebo ya mtu. Hata hivyo, haitoshi kusema kila penye tofauti pana kosa, kwa sababu mashine huwa na uhakika mwingi kwa mafungu fulani na uhakika mdogo kwa mengine. Kwenye batobato, iliyoonekana mara elfu kumi na tatu, itajibu kwa kujiamini. Kwenye ugonjwa wa bakteria itasitasita. Kwa hiyo kila fungu huwekewa kizingiti chake: wastani wa uhakika ambao mashine huonyesha kwa picha za fungu hilo. Picha yenye lebo "zima" inakuwa mshukiwa pale tu uhakika wake wa batobato unapofikia kizingiti cha batobato. Northcutt na wenzake walitumia njia ya namna hii.

Njia ya tatu hufuatilia mafunzo yenyewe. Picha nyepesi mashine huzielewa mapema. Zile inazokosea kwa muda mrefu, au inazopatia leo na kukosea kesho, huwekwa kando zitazamwe. Wengine hutumia majirani: kama picha ishirini zinazofanana zaidi na hii zote zinaitwa "michirizi kahawia" na hii peke yake inaitwa "zima", kuna la kuuliza.

Mshukiwa si mkosaji

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Katika utafiti ule wa 2021, mifano iliyoshukiwa na kompyuta, yote au sehemu yake, ilipelekwa kwa watu waitazame upya. Kwa wastani, asilimia 51 tu ya washukiwa ndio waliokutwa kweli na lebo mbaya. Karibu nusu hawakuwa na kosa.

Hao wasio na kosa mara nyingi ni picha ngumu au za nadra: jani lililopigwa jioni, aina ya muhogo yenye majani membamba, ugonjwa ulioanza jana. Mtu akiamua kufuta washukiwa wote bila kutazama, anaifutia mashine mifano ileile inayoihitaji zaidi. Kwenye mkusanyiko wa Makerere, fungu la bakteria lenye picha 1,087 lingeumia kabla ya batobato kuhisi chochote. Mkulima wa eneo lenye aina isiyo ya kawaida angebaki na simu isiyomtambua. Kwa maoni yetu, mradi unaojivunia "kusafisha data" kwa kubonyeza kitufe kimoja unastahili kuulizwa maswali.

Kazi sahihi ni kupanga washukiwa kuanzia wa kutiliwa shaka zaidi, kisha kuwapa watu wawili au watatu wanaolijua zao, kila mmoja peke yake, bila kuona lebo ya zamani. Wakikubaliana, lebo hubadilishwa na ya zamani huhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Wasipokubaliana, picha huandikwa "haijulikani" na kutolewa kwenye mtihani. Ikiwa wanatofautiana mara kwa mara kuhusu mafungu yaleyale mawili, maelekezo ya kazi ndiyo yenye kasoro.

Kama unafanya kazi ya kuweka lebo

Kabla ya kuanza, omba mwongozo wa maandishi wenye picha za mfano, zikiwemo za mipaka ambapo jibu si dhahiri. Uliza kama kuna kitufe cha "sijui". Mradi usio na kitufe hicho unalazimisha watu kubahatisha. Uliza pia kazi hukataliwa kwa kigezo gani. Kama kigezo ni mashine kutokukubaliana na wewe, takwimu ya asilimia 51 inaonyesha kwamba hicho si ushahidi wa kutosha kumkata mtu malipo, na una haki ya kuomba mtu aitazame picha upya. Weka daftari la picha ulizozitilia shaka na sababu zake.

Kama unatumia simu shambani

Usipige jani moja. Piga ya juu na ya chini, kwenye mashina kadhaa, mchana, jua likiwa nyuma yako. Simu ikisema "zima" na unakusudia kuchukua vipando kwenye shamba hilo, ng'oa shina moja lililokomaa ukate mizizi uone kama kuna madoa ya kahawia ndani. Kipando chenye ugonjwa hubeba ugonjwa huo hadi shamba jipya, na kwenye makazi ambako jirani humpa jirani vipando, shina moja hufika mbali. Majibu yakipingana na unachokiona, mwite afisa ugani wa eneo lako, na umwonyeshe picha pamoja na shina lenyewe.