Maji na Thamani ya Muda wa Mwanamke katika Uwanda wa Juu wa Makonde tangu 1906

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Leipzig, alikaa Masasi kisha akapanda hadi Newala. Masasi imezungukwa na vilima vya mawe, katika nchi tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda ambako mvua huzama mchangani na maji ya kuchota ni adimu mno. Wakazi walikuwa wamekimbilia huko kujikinga na wavamizi. Usalama huo ulikuwa na gharama yake ya kila siku, kwani maji yalichotwa chini ya genge na kupandishwa kwa kichwa, na mzigo huo uliwaangukia zaidi wanawake na wasichana.

Katika hesabu za serikali ya kikoloni korosho zilizouzwa zilionekana. Safari ya maji haikuonekana, ijapokuwa hakuna mpaliliaji aliyeweza kushinda shambani bila maji nyumbani.

Miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kupandisha maji kwa pampu na kuyauza. Hapo ndipo muda wa mchotaji ulipopata kipimo cha fedha: kila kaya ililazimika kulinganisha senti za debe moja na saa za kushuka na kupanda. Hata hivyo, bei hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa thamani kamili ya kazi. Aliyeshika fedha za korosho hakuwa lazima yule aliyebeba debe. Palipokuwa na tofauti hiyo, saa za mwanamke zilionekana rahisi kwa sababu tu hazikutoka mfukoni mwa mtu.

Azimio la Arusha la 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Serikali ikaahidi maji ya bure vijijini, kisha Sera ya Maji ya 1991 ikarudisha uchangiaji wa gharama.

Mwaka 1993 mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa uliingiza uchotaji maji katika uzalishaji, ukaacha upishi na malezi. Kwa kanuni hiyo, mwanamke wa Newala anazalisha anapopanda genge na ndoo, lakini anaacha kuzalisha anapoiinjika sufuria ya ugali. Katika Utafiti wa Nguvukazi wa 2006, Tanzania iliwauliza wananchi jinsi walivyotumia siku yao, upishi na malezi yakiwemo. Majibu yaliandikwa kwa saa, si kwa shilingi.