Nachingwea: Udongo ulisomwa, maandishi yakahamia mbali

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma Tanganyika wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Kwa muda wa wiki tisa hivi, tena mara nyingi wakitazama nchi kutoka kwenye ndege, waliandaa ripoti iliyopendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa Tanganyika, maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Matrekta yalikuja na pesa zikaja. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaelekezwa bara hadi Nachingwea. Vipimo vya kutosha vya udongo na kumbukumbu za mvua za miaka mingi havikuwepo. Kongwa udongo uligeuka mgumu jua lilipowaka. Kusini, huko Nachingwea, kung'oa miti kulimeza fedha nyingi kuliko ilivyokadiriwa. Januari 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ilifungwa.

Simulizi nyingi za mradi wa karanga huishia hapo, kwa kicheko. Lakini ni baada ya hasara hiyo ndipo Nachingwea ilipoanza kuchunguzwa kwa makini. Watafiti walijaribu mazao, soya ikiwemo, wakapima mvua na kuchimba mashimo ya kuchunguza udongo. Mwaka 1957 utafiti wa B. Anderson kuhusu udongo wa wilaya za Kongwa na Nachingwea ulichapishwa, si Lindi wala Dar es Salaam, bali Reading, Uingereza. Elimu ya shamba la Nachingwea ikawekwa kwenye rafu ambazo mkulima wake asingezifikia.

Uhuru haukuzirudisha rafu hizo mara moja. Utafiti wa kilimo wa Kusini uliweka makao yake Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1984, na mwaka 1991 sheria ikaifanya maktaba yake kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa na mahali pamoja palipopewa jukumu la kukusanya maandishi ya kilimo chake.

Kisha ukaja mtandao. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa walianzisha AGORA, huduma inayozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Maktaba ya Sokoine nayo ilifungua hifadhi ya kidijitali ya tafiti zake, na nyingine iitwayo Mkulima, yenye machapisho ya Kiswahili kwa wakulima. Naliendele, kwa upande wake, ilitoa mwaka 2009 mbegu kadhaa za karanga, mojawapo ikiitwa Nachingwea: jina la mahali ambapo zao hilo lilishindwa sasa limo kwenye orodha ya mbegu bora.

Leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, walio chini ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, huuza ufuta na korosho kupitia stakabadhi ghalani, na mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei ya siku husambaa kwa simu hadi vijijini. Habari za udongo na mbegu hazina mwendo huo.

Kazi iliyobaki inajulikana. Ripoti za zamani za Nachingwea zipigwe picha za kidijitali, muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili, uwekwe kwenye hifadhi ya Mkulima, na bwana shamba wa kata aufikishe kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Wakefield alikosa takwimu kwa sababu hazikuwepo. Zilizopo sasa zikiendelea kukaa mbali na shamba, hatutakuwa na kisingizio kama chake.