Neno "Maendeleo" katika Nchi ya Geita

Neno maendeleo latokana na kitenzi kuendelea: mtu huenda mwenyewe. Kuendeleza ni jambo jingine. Humo atendaye ni mwingine.

Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watu walihimizwa kuhamia Geita, wakaamriwa kulima matuta na kupunguza ng'ombe. Jina lilikuwa la kuendelea, kazi ilikuwa ya kuendelezwa. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la mataifa mchanganyiko.

Huko Runzewe, wilayani Bukombe, iliyotolewa Shinyanga kuingia Mkoa wa Geita mwaka 2012, wachimbaji wadogo wa dhahabu wangali "wakiendelezwa" katika maandishi ya mipango. Yafaa kuuliza: mtenda wa kitenzi hiki ni nani?